Muulize Fundi: Gari limerudishwa getini kwa kelele

Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Moshi, naishi Leicester, Uingereza. Nina Subaru Impreza WRX ya 2004. Nililipia siku ya kuendesha uwanjani, nikaomba ruhusa kazini, nikafika alfajiri. Kabla ya kuruhusiwa kuingia, mzee mwenye kipima sauti aliniambia nikanyage mafuta hadi resi 4500 (mizunguko ya injini kwa dakika) nishikilie hapo. Akasoma desibeli 104. Kikomo cha siku hiyo kilikuwa 98. Nikarudishwa, na ada hairudishwi. Ekzosi ni ya inchi 3 kuanzia kwenye tabo (pampu inayoendeshwa na moshi kuisukumia injini hewa), katalisti, yaani kichujio cha moshi, ilishatolewa na mtu aliyeniuzia gari, na sailensa ni moja tu ya nyuma. Wenzangu wanasema nitie kizibo mdomoni mwa bomba, basi. Wengine wanasema nitafute uwanja wenye kikomo cha juu. Nifanye lipi?
Mwenye Impreza, Leicester

Marahaba, kijana wangu. Pole sana kwa siku iliyopotea. Barua yako ina karibu kila ninachohitaji, kwa hiyo nami nitakujibu kwa kirefu, maana wanaoniuliza jambo hili ni wengi: Watanzania, Wakenya, hata Waganda walioko huko na magari yao wanayoyapenda.

Kwa wasomaji ambao hawajawahi kufika huko: hii siyo mashindano. Mtu mwenye gari lake la kawaida hulipa ada, husikiliza maelezo ya usalama, huvaa helmeti, kisha huzunguka uwanja wa mbio kwa kasi asiyoweza kuithubutu barabarani. Kabla ya hapo gari hupimwa sauti. Karibu kila uwanja Uingereza una kikomo chake, na kikomo hicho hakikuwekwa na mtu asiyependa magari. Kimewekwa kwa makubaliano na halmashauri na majirani, na uwanja ukikiuka unaweza kupunguziwa siku za kufunguliwa. Mzee yule aliyekurudisha alikuwa anawalindia wewe na mimi mahali pa kuendesha. Nataka ulishike hili kwanza, kwa sababu linaamua namna ya kulitengeneza gari lako: lengo ni gari liwe na sauti ndogo kweli, siyo kipimo kidanganyike.

Sasa kipimo chenyewe. Mikrofoni huwekwa nusu mita kutoka mdomo wa bomba, kwa pembe ya digrii 45, nje ya njia ya moshi. Resi hushikiliwa kwa kawaida kwenye robo tatu ya resi za juu kabisa za injini, au kwenye namba ambayo uwanja umeipanga. Bomba likiwa na midomo miwili, kila mdomo hupimwa na husomwa ule wenye kelele zaidi. Viwanja vingi siku nyingi huweka 105. Donington, ambao kwako ni jirani, siku zake nyingi za kawaida ni 98. Kwa hiyo kabla ya kulipa popote, soma kikomo cha tarehe ile, siyo cha uwanja tu, kwa sababu uwanja mmoja unaweza kuwa na siku za kelele na siku za utulivu katika wiki hiyohiyo.

Tofauti yako ni desibeli 6. Usiione ndogo. Desibeli hazihesabiwi kama kilo: kila ukishuka 3, nguvu ya sauti inakuwa nusu. Ukishuka 6 umebaki na robo. Yaani kati ya kila sehemu nne za sauti inayotoka kwenye bomba lako leo, tatu lazima ziishie ndani. Ndiyo maana kubadilisha ncha ya bomba pekee, au kulipaka rangi ya moto na kulifunga kitambaa, hakutakufikisha.

Lakini kuna habari njema, nayo iko ndani ya kipimo. Kipima sauti hakisikii sauti zote sawa. Kimewekwa kwenye kipimio kinachoitwa A, kinachofuata sikio la binadamu. Sauti nzito ya mitetemo 100 kwa sekunde hupunguziwa desibeli 19 kabla haijaandikwa. Sauti ya mitetemo 1000 haipunguziwi kitu, na zile za 2000 hadi 4000 huongezewa kidogo. Injini yako ya silinda nne ikiwa kwenye resi 4500 inalipua mara 150 kwa sekunde. Ule mngurumo wa Subaru, unaotokana na mabomba ya manifoldi yasiyolingana urefu, uko chini huko, na kipimo kinausamehe sana. Kinachokutia hatiani ni ule mkwaruzo wa juu, ule unaoumiza meno ukisimama nyuma ya gari. Unaweza kuuondoa mkwaruzo, ukabaki na mngurumo unaoupenda.

Mkwaruzo huo ndio hasa sailensa ya sufi inaukamata vizuri. Sailensa yako ya nyuma, kama ni ya aina wanayoifunga wengi, ndani ina bomba lenye matundu, na kuzunguka bomba hilo pamejazwa sufi ya glasi au ya mawe. Moshi unapita katikati, sauti inaingia kwenye matundu, inapotelea kwenye sufi na kugeuka joto kidogo. Gari la 2004 ambalo halijawahi kufunguliwa sailensa, sufi hiyo huenda haipo tena. Imeungua, imekatika vipande, imepulizwa nje kidogokidogo kupitia matundu yaleyale.

Ifungue. Kama kifuniko kimefungwa kwa ripiti, toboa vichwa vya ripiti kwa keekee, gonga kifuniko taratibu kwa nyundo ya mpira. Kama kimechomelewa, peleka kwa mchomeleaji akate kwenye mstari ili aweze kurudisha. Utaona rangi inavyobadilika: karibu na mkondo wa moshi sufi ni nyeusi, inavunjika mkononi kama unga, mbele zaidi ni ya kijivu, na kwenye pembe, ambako moto haukufika, bado ni nyeupe. Mara nyingi nakuta upande mmoja mtupu kabisa, bomba lenye matundu linang'aa limeachwa uchi. Toa zote. Vaa glavu, barakoa na shati la mikono mirefu, maana nyuzi hizo zinawasha ngozi na hazifai kuingia kifuani. Safisha matundu kwa brashi ya waya. Kisha funga bomba kwanza kwa pamba ya chuma kisichoshika kutu, safu moja iliyokaza. Hiyo ndiyo ngao, bila hiyo sufi mpya itapulizwa upesi. Juu yake zungushia sufi ya nyuzi ndefu ya kazi hii hasa, ya kuhimili moto wa ekzosi. Usitumie sufi ya dari la nyumba, itayeyuka. Ifunge kwa uzi wa kawaida ili iingie kwenye gamba bila kukwama. Uzi utaungua baadaye na sufi itatanuka ijaze nafasi. Isiwe legelege, wala isisindiliwe mpaka ikawa ngumu, kwa sababu sufi iliyoshindiliwa sana hainyonyi sauti vizuri. Rudisha kifuniko kwa silikoni ya moto na ripiti mpya za chuma.

Kabla hata ya hilo, tafuta panapovuja. Injini ikiwa baridi, iwashe, mwenzako azibe mdomo wa bomba kidogo kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache, wewe usikilize chini ya gari. Pale flanji, yaani sahani ya kuungia bomba, inapokutana na tabo, na kila penye gasketi, ukisikia "ts-ts-ts" pana tundu. Uvujaji mdogo mbele ya gari hutoa sauti kavu ambayo haijapita kwenye sailensa yoyote, na fedha utakazotumia nyuma zitakuwa za bure.

Halafu rudisha katalisti. Hapa sina ushauri wa pembeni. Gari lililotoka kiwandani nayo likikutwa halina, linaanguka kwenye MOT, ukaguzi wa lazima wa magari Uingereza, na aliyekuuzia hakukutendea haki. Tena katalisti yenyewe ni kizuia sauti: moshi unapita kwenye vishimo vyembamba mamia, na mkwaruzo unapungua. Zipo zenye vishimo vikubwa zaidi kwa ajili ya magari ya tabo ambazo hazinyimi injini pumzi sana.

Hatua ya mwisho, na kwako naiona ya lazima, ni sailensa ya pili katikati. Bomba la inchi 3 lenye sailensa moja tu lina urefu mrefu wa chuma kitupu ambamo sauti inalia. Mwambie mchomeleaji akate katikati, aweke sailensa ndefu ya moja kwa moja ya sufi. Urefu ndio unaofanya kazi, usinunue fupi kwa sababu ni nafuu. Tabo yako nayo tayari inapunguza sauti, kwa kuwa inatumia nguvu ya moshi kujizungusha, kwa hiyo wewe una nafuu kuliko mwenye injini isiyo na tabo.

Na kizibo? Kipo, na si haramu. Hushusha desibeli chache, na ukikifunga kwa boliti iliyopita pande zote mbili, hakitaruka kumpiga mtu. Lakini kwenye injini ya tabo, kuibana ncha ya bomba sana kunapandisha joto la gesi hukohuko kwenye tabo, na uwanjani unakanyaga mafuta dakika nyingi mfululizo. Kitumie kama akiba ya desibeli mbili tatu za mwisho. Na kuna tabia moja naikataa waziwazi: kukifunga kwa ajili ya kipimo, kisha kukitoa ukishapata stika ya kupita kipimo. Wakikubaini unafukuzwa, na umewaharibia wote walioko pale siku hiyo.

Kuhusu kuhamia uwanja wa 105: unaweza, lakini gari linalosoma 104 kwenye kikomo cha 105 halina usalama. Kipimo cha siku ya baridi, ukuta wa karibu, mwenye resi aliyepitiliza kidogo, umeshavuka. Mimi humwambia mtu aje na gari lenye akiba ya 3 chini ya kikomo.

Jipime nyumbani kwanza. Programu ya simu usiiamini, kwa sababu mikrofoni ya simu inalemewa kwenye sauti za zaidi ya 100 na inaandika chochote. Nunua au azima kipima sauti halisi, hakikisha kimewekwa A, na kama unaweza kipitishe kwenye kile kifaa cha kusawazishia kinachotoa sauti ya desibeli 94 kamili. Pima mahali pa wazi, mbali na kuta na magari mengine, mchana watu wakiwa kazini, injini ikiwa imeshapata moto. Ndani ya gereji utapata namba kubwa isiyo ya kweli, utaogopa bure.

Fundi, salaam. Yangu ni Honda Civic Type R, ile ya EP3, haina tabo. Kipimo cha kusimama napita kila mara, nina 97. Lakini kwenye uwanja wa Bedford nilitolewa kwa bendera nyeusi kwa kelele nikiwa naendesha, nikaambiwa nimevuka 87.5. Inawezekanaje 97 ipite halafu 88 ikatae? Nimeweka ea filta ya wazi, ekzosi ni ya kawaida ya kampuni nzuri.
Mpenda VTEC, Bristol

Swali lako ni zuri kwa sababu linawachanganya hata walioendesha miaka mingi. Hivyo ni vipimo viwili tofauti, na namba zake hazilinganishwi.

Cha kwanza ni nusu mita kutoka mdomoni, gari limesimama. Cha pili ni mikrofoni kando ya njia, mita kama 20, gari likipita. Bedford wana kikomo cha kupita cha 87.5, na hicho ni kati ya vikali nchini humo. Piga hesabu: kila umbali ukizidi mara mbili, sauti hushuka desibeli 6. Kutoka nusu mita hadi mita 16 umbali umezidi hivyo mara tano, yaani desibeli 30. Gari la 97 lingesomeka 67 tu likiwa huko. Sasa hizo 20 nyingine zimetoka wapi?

Zimetoka kwenye mzigo. Gari likiwa limesimama, injini inashikilia resi 6000 kwa kutumia nguvu kidogo tu, kipepeo cha hewa kimefunguka kidogo. Uwanjani umekanyaga mpaka chini, farasi karibu 200 wote wako kazini, na kwenye gari lako kamu za juu, zile za VTEC zinazofungua vali zaidi, huingia karibu na resi 5800. Hapo injini inavuta hewa kwa pupa. Ea filta ya wazi maana yake ni kwamba mlango wa hewa hauna sailensa. Wengi wanasahau kuwa kelele inatoka mbele kama inavyotoka nyuma. Kwenye kipimo cha kusimama mikrofoni iko nyuma na kipepeo kimefunguka kidogo tu, kwa hiyo filta yako haisikiki. Kando ya njia inasikika kuliko ekzosi.

Rudisha boksi la ea klina la kiwandani, pamoja na kile kichupa cha plastiki kinachoning'inia kwenye bomba lake ambacho watu hukitupa wakidhani ni takataka. Kile ni chumba cha kumeza sauti za mtetemo fulani. Weka ndani yake filta nzuri ya kupitisha hewa zaidi ukitaka. Sioni sababu ya kugusa ekzosi yako kabla ya kujaribu hili.

Ukishajua mikrofoni iko wapi, pandisha gia mapema kabla ya kuifikia, pita kwenye resi za chini huku umelegeza mafuta kidogo. Hilo si udanganyifu, kwa sababu kelele inayowafikia majirani imepungua kweli. Kule Laguna Seca, California, ambako siku nyingi kikomo ni 90 kando ya njia, madereva hutengeneza bomba lenye kiwiko linaloelekeza mdomo upande usiotazama kipimo. Linafanya kazi, kwa kuwa sauti za juu hufuata uelekeo wa mdomo. Lakini aliye upande wa pili anaipata yote, na mimi siwezi kulisifu.

Habari za kazi fundi. Mimi si mtu wa magari. Ni muuguzi kutoka Bukoba, nafanya zamu za usiku hospitali, na naishi nje kidogo ya Darlington. Kuna uwanja wa magari, Croft, si mbali. Siku nyingine narudi saa mbili asubuhi, nataka kulala, kelele zinaanza. Mume wangu anasoma ukurasa wako kila mara, nikaona nikuulize wewe: hawa watu wana haki gani?
Muuguzi, karibu na Darlington

Dada, nashukuru sana kwamba umeandika. Wewe ndiye unayekosekana kwenye mazungumzo yetu.

Viwanja vingi vya mbio Uingereza vilikuwa viwanja vya ndege za vita. Croft yenyewe ilirusha ndege za mabomu wakati wa Vita Kuu ya Pili, na Silverstone, Snetterton na Castle Combe navyo vilikuwa viwanja vya ndege. Ndiyo sababu viko mashambani, kwenye ardhi tambarare ambako hakuna cha kuizuia sauti. Vita vilipokwisha, njia za lami zikabaki, wapenda magari wakazikuta.

Kwamba uwanja ulitangulia kuwapo hakumpi mwenye uwanja haki ya kufanya atakavyo. Majirani wa Croft walienda mahakamani, na mwaka 2009 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamuru siku za kelele za juu zisizidi 40 kwa mwaka. Mwaka 2014 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo, kwenye kesi nyingine ya uwanja wa mbio karibu na Mildenhall, Suffolk, ilithibitisha tena kwamba, kwa kawaida, mtu aliyehamia baada ya kelele kuanza hanyimwi kulalamika kwa sababu hiyo tu. Hata Marekani mambo ni hayo: Lime Rock, Connecticut, hawashindani Jumapili tangu amri ya mahakama ya 1959.

Kwa hiyo fanya hivi. Kalenda ya uwanja iko wazi kwa umma na husema siku ipi ni ya kelele kiasi gani. Ichukue, kisha omba kazini zamu zako zipangwe kwa kuitazama, pale inapowezekana. Siku ambayo unaona imezidi, andika saa uliyoanza kusikia na saa ilipokoma, upige simu uwanjani palepale, siyo kesho yake. Wana vipimo na wanaweza kumtoa mwenye gari husika ndani ya dakika chache. Wasipokusikiliza, idara ya afya ya mazingira ya halmashauri yako inawajibika kuchunguza kero ya kelele chini ya sheria ya mazingira ya 1990. Hujaomba upendeleo. Mtu anayehudumia wagonjwa usiku kucha anastahili kulala mchana, na sisi wenye magari tunatakiwa kufikiria hilo kabla ya kununua bomba.

Niaje fundi. Niko Nairobi, niko na Subaru Forester. Nataka kukata sailensa zote niwache bomba tupu, ndio gari ipate nguvu na ilie poa nikipita. Nasikia huko majuu wako na vipimo, lakini huku kwetu hakuna mtu anapima. Utanishauri bomba ya inchi ngapi?
Kijana wa Eastlands

Sitakushauri inchi, mdogo wangu, nitakwambia kwa nini.

Kelele siyo nguvu. Injini ya tabo hufaidika moshi ukitoka kwa urahisi, hilo ni kweli, lakini sailensa ya moja kwa moja yenye bomba la matundu inapitisha moshi karibu sawa na bomba tupu. Ukikata kila kitu bila kompyuta ya injini kupangwa upya, tabo inaweza kusukuma hewa kupita kiasi ilichopangiwa, na injini za Subaru hazivumilii hilo kwa muda mrefu. Fedha za kukata na kuchomelea zitie kwenye kuangalia mafuta ya injini, ukanda wa taimingi na upangaji wa kompyuta kwa fundi mwenye mashine ya kupimia nguvu. Hapo utaisikia tofauti mgongoni.

Na si kweli kwamba huko hakuna sheria. Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira, na NEMA, mamlaka ya mazingira ya nchi, ndio wanaozisimamia. Halafu Eastlands watu wanaishi ghorofa juu ya ghorofa. Bomba tupu likipita saa sita usiku kati ya majengo mawili, sauti inagonga ukuta huu inarudi ule, na kila mtoto wa chini ya mwaka mmoja kwenye mtaa huo ameamka. Mama zao wanakujua kwa gari lako. Weka sailensa nzuri.

Fundi, naomba kuuliza. Mume wangu anataka kumpeleka mtoto wetu wa miaka minne kwenye siku ya uwanja akatazame, tuko Reading. Je, masikio yake yatakuwa salama?
Mama wa mtoto mmoja

Mpeleke, mama, lakini usimpeleke bila vizuia sauti. Kwa watu wazima kazini, wataalamu wengi huweka mpaka kwenye desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda hupungua nusu. Kwenye 94 ni saa moja. Kwenye 100 ni robo saa. Kwenye 105 haifiki dakika tano. Mtoto mdogo sitaki nimpime kwa kipimo cha mtu mzima wa kazini, yeye apewe muda mfupi kuliko huo.

Vile vya kuziba ndani ya tundu havifai kwa umri wake, ni vikubwa kwa tundu la sikio lake na anaweza kuvitia mdomoni. Nunua vya kufunika sikio zima vya saizi ya watoto, vyenye mkanda wa kichwani usiobana sana. Mvalishe nyumbani siku mbili tatu kabla akicheza, ili siku ile asivivue. Mahali pabaya kuliko pote ni nyuma ya foleni ya kupimwa sauti asubuhi, kwa sababu magari yanapigwa resi moja baada ya jingine akiwa amesimama kimo sawa na mabomba. Hapo msikae. Pandeni kwenye kilima cha watazamaji, mbali na ukuta wa piti, yaani sehemu magari yanaposimama na kuhudumiwa, na kila baada ya nusu saa mpelekeni kwenye mgahawa akapumzike. Akisema masikio yanalia, mrudi nyumbani saa hiyohiyo, hata kama baba bado ana mizunguko aliyolipia.